Mwenyekiti Amefungua Mkutano

Niseme mapema kabisa: Katibu hakuzaliwa mwoga. Waliomjua miaka hii ya mwisho, wakimwona anavyoruka mlango ukigongwa, wanadhani ndivyo alivyoumbwa. Waongo. Zamani alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo wake. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, alikuwa akimjibu bila kupepesa, "Vipimo vyangu viko palepale, dada. Aliyehama ni wewe." Woga ulimkuta mtu mzima, tena ulimwingia kupitia sheria, kitu ambacho sote tunaambiwa kimewekwa kutulinda.

Jina la Katibu alipewa na mumewe, mlinzi wa ghala la mbao, kwa utani tu. Siku aliyochaguliwa kuwa katibu wa shirika alirudi nyumbani kifua mbele, mumewe akamwambia, "Haya, Katibu, andika kwenye kumbukumbu kwamba mume ana njaa." Majirani wakalidaka. Mwishowe hata wateja wakawa wanasema wanapeleka nguo kwa Katibu.

Walikuwa na mtoto mmoja, msichana, na yeye pia alikuwa na jina la utani. Alikuwa Bosi. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, shingo anaigeuza kwa kazi kubwa, na mikono ina mambo yake yenyewe. Lakini anasikia kila neno na kulielewa, na ole wako uchelewe na maziwa yake. Atakutazama mpaka ujione kibarua uliyefika kazini saa nne. Wakati wa habari hii alikuwa msichana mkubwa, kimo chake kinakaribia cha mama yake, na kumnyanyua kitandani kulitaka watu wawili.

Kabla ya kuwapo kituo cha watoto kama yeye, Katibu alikuwa akimfungia ndani asubuhi, anakwenda kushona, mchana anarudi mbio kumgeuza na kumlisha, kisha anafunga tena. Usimsute. Wewe ungefanya nini? Siku moja alirudi akakuta jiko la jirani limelipuka, moshi umetanda dirishani kwake, watu wanahangaika na mlango ulio na kufuli, na ufunguo anao yeye kwenye pochi. Bosi alitolewa mzima, anakohoa tu. Lakini tangu siku hiyo Katibu akiona kufuli dukani, anageuza uso.

Aliyewatoa kwenye maisha hayo ni Nesi. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mnene mwenye pengo kwenye meno ya mbele na sauti ya kuamuru wodi nzima. Alipita nyumba kwa nyumba akiwatafuta wazazi waliokuwa wameficha watoto wa aina ya Bosi, akawakusanya, wakakodi karakana ya zamani nyuma ya soko, wakaipaka chokaa. Mmoja wa wale wazazi, baba mmoja seremala, akatengeneza viti vya mbao vyenye mikanda na sehemu ya kuegemeza kichwa, kila kiti kwa kipimo cha mtoto wake. Asubuhi mzazi anamleta mtoto, anakwenda kutafuta riziki, jioni anamchukua. Bosi alimpenda Nesi kupita kiasi. Nesi akiingia tu, Bosi alikuwa na mlio wake kwa ajili yake, mlio wa furaha unaotoka tumboni, ambao mama yake mzazi hakuwahi kupigiwa hata siku moja. Katibu aliona wivu kidogo, akaumeza.

Nesi ndiye aliyesisitiza wasajili shirika. "Tukikaa hivihivi," aliwaambia, "siku yoyote atakuja mtu ameshika faili atufungie, na hatutakuwa na la kumjibu." Basi wakaanza. Nani asiyejua mambo hayo? Watakiwa waanzilishi wenye vitambulisho, picha ndogo, anwani, barua ya serikali ya mtaa, na katiba. Katiba iseme shirika ni la nini, nani mwanachama, viongozi wanapatikanaje, mkutano mkuu ni mara ngapi kwa mwaka na akidi yake ni watu wangapi. Ilipofika sehemu ya shirika likivunjwa mali ziende wapi, wazazi walicheka. "Hata hatujazaliwa," alisema Seremala, "tunaulizwa urithi." Nesi aliwaelewesha kwamba shirika lisilo la faida halina mwenyewe wa kugawana. Likifa, hakuna anayeondoka hata na kijiko. Vyote vinapelekwa kwa shirika jingine lenye malengo kama hayo, hata liwe mji wa mbali. Wakaandika hivyo. Wakaandika pia, kwa sababu ilisikika vizuri, kwamba mkutano wowote utafunguliwa na mwenyekiti.

Nesi akawa mwenyekiti, Seremala mweka hazina, na mama Bosi, kwa sababu ya mwandiko wake, katibu. Siku ya kuchukua cheti, ofisa wa dirishani alikigonga kwa kidole na kusema, "Kuanzia leo shirika ni mtu mbele ya sheria. Kikibadilika chochote, kiongozi, anwani, katiba, mlete taarifa ndani ya mwezi mmoja. Msipoleta, tunafuta." Alisema hivyo kama alivyowaambia mia wengine, akaita anayefuata. Katibu peke yake ndiye aliyeyabeba maneno hayo mpaka nyumbani kama mzigo wa kichwani.

Nesi alikufa ghafla, presha. Alianguka bafuni asubuhi, mchana hayupo. Sitaki kueleza sana. Wazazi wale walipigwa na butwaa, wakawa wanafika kituoni, wanakaa tu. Watoto waliambiwa Nesi amesafiri. Bosi naye aliambiwa hivyohivyo, maana hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia jingine. Katika msiba ule nani angekumbuka taarifa? Katibu alikuja kukumbuka akiwa anapindua pindo la sketi, na mwezi ulikuwa umeshapita. Sindano ilimchoma kidole.

Kesho yake alikwenda kwa msajili. Alipanga foleni, nakala za cheti kwenye bahasha, maneno ameyapanga kichwani. Mbele yake, kwenye dirisha, mzee mmoja alikuwa anafokewa. "Shirika lenu halipo! Limekufa! Mlikuwa wapi?" Mzee anajieleza, hasikilizwi. Katibu akatazama bahasha yake, akatazama mlango. Akatoka.

Hapo ndipo alipokosea. Kila kilichofuata kilianzia kwenye kile kisigino alichogeuza katika foleni. Angebaki dakika chache angejua yule mzee alikuwa na kesi gani, maana haikufanana na yake hata kidogo. Lakini mtu akishikwa na woga masikio yake huchagua la kusikia. Alimwambia Seremala tu, na Seremala, ambaye kwa kuogopa ofisi hana mpinzani, alisema, "Tusubiri kidogo mambo yatulie." Yatulie wapi? Ikafika zamu ya ripoti ya mwaka. Kwenye nafasi ya mwenyekiti Katibu akaandika jina la Nesi, kwa mwaka huu tu, alijiambia, na chini yake akaweka sahihi ya Nesi, ambayo ilikuwa rahisi, mkunjo na mstari. Mkono ulitetemeka hivi kwamba ilibidi aichane ile karatasi aanze upya. Mwaka uliofuata haukutetemeka sana, na hilo nalo lilimtisha.

Na mkutano mkuu je? Katiba imesema unafunguliwa na mwenyekiti. Mwaka wa kwanza bila Nesi walikaa karakanani, watoto kwenye viti vyao pembeni, kiti cha Nesi mbele kiko kitupu. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Mwishowe Seremala akasimama na kutangaza, "Mwenyekiti amefungua mkutano," akaketi. Katibu akaandika. Mwaka uliofuata hivyohivyo, na uliofuata. Wazazi wapya waliokuta mambo yale walidhani ni namna ya kumkumbuka marehemu, wakayapenda. Heshima ilikuwemo, sikatai. Ila iliyokuwa mbele ni hofu, heshima ilifuata nyuma.

Sasa woga ukamkaa Katibu kama mpangaji asiyelipa. Gari jeupe likipunguza mwendo mbele ya duka, anaacha kushona. Simu ikiita kwa namba ngeni, anaitazama mpaka ikate. Asubuhi moja mumewe alirudi kutoka lindoni na kofia yake na buti zake, akagonga mlango, na Katibu akamfungulia huku mikono ameiweka juu. Mume alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaona mkewe hacheki, naye akanyamaza. "Mama Bosi," alimwambia, siku hiyo hakumwita Katibu, "hivi mnaficha nini kule?" Akamweleza yote. Mlinzi alivua buti moja, akakaa nayo mkononi muda mrefu. "Ukifungwa," alisema, "Bosi nitambeba na nani?"

Ndilo hilo tu lililokuwa likimtafuna. Jela yenyewe aliweza kuifikiria, kuna jela na wanawake wako humo. Ambalo hakuweza kulifikiria ni kituo kufungwa, viti vya Seremala kupakiwa kwenye lori kwenda kwa watoto wa mji mwingine ambao havitawatosha, na Bosi kurudi kwenye kile chumba, mlango, kufuli. Kwa nguvu zake za siku hizi Bosi angeweza kujisukuma akaanguka kutoka kitandani, akalala uso chini mpaka mchana. Katibu aliliona jambo hilo waziwazi kabisa, akiwa amekaa kwenye cherehani, mchana kweupe, na mguu wake ukasimama kwenye pedali.

Simu aliyokuwa akiiogopa ilikuja siku aliyokuwa amesahau kuogopa. Aliipokea akidhani ni mteja. Sauti ya mwanaume, mpole, ana mafua. Akasema anatoka kwa msajili, kuna uhakiki wa mashirika yote, na Alhamisi atafika kituoni. Alihitaji kuwaona viongozi watatu ana kwa ana, kila mmoja na kitambulisho chake. "Mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Msiwe na wasiwasi, mama, ni utaratibu tu." Katibu akasema sawa. Akakata simu. Akabaki amekaa mpaka mteja aliyekuja kuchukua suruali akamuuliza kama anaumwa.

Walikutana karakanani jioni ile, Katibu na Seremala, na wakamwita mdogo wake Nesi, mwanamke anayeuza nguo za mitumba, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na vitu vya marehemu. Walitaka kuuliza tu cheti cha kifo kiko wapi. Lakini mdogo wake alipoingia, amevaa miwani, upepo umempeperushia mtandio nyuma, Seremala alimkodolea macho mpaka ikawa utovu wa adabu. Sura ileile. Pengo lilelile, maana lile pengo ni la ukoo.

"Kitambulisho cha dada yako unacho?" Seremala aliuliza taratibu.

"Ninacho. Kwa nini?"

Seremala alilitazama tena lile pengo. Mdogo wake Nesi si mjinga, alielewa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ninyi wawili mmechanganyikiwa," alisema.

"Dakika kumi tu, dada," alisema Seremala. "Anaingia, anasalimia, anaondoka kuhudumia watoto. Ofisa anaandika amemwona. Tukishavuka hapo tunafanya uchaguzi, tunampeleka mwenyekiti mpya kihalali, mambo yamekwisha."

"Na wewe shemeji unasemaje?" mdogo wake alimgeukia Katibu. Walikuwa wanaitana hivyo tangu msiba, bila sababu yoyote ya ukoo.

Katibu alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Akatazama ule ukuta wenye viti, cha Bosi ni cha tatu, kina sponji nyekundu upande wa kulia ambako kichwa hudondokea. "Akuone tu," alisema. "Usisaini kitu. Kusaini nitasaini mimi." Jamani, hata nikisimulia nataka kumtikisa. Alidhani anamkinga mwenzake.

Alhamisi asubuhi karakana ilidekiwa mara mbili. Ilinuka sabuni na maziwa ya moto. Watoto walikuwa wameshafika, wamefungwa mikanda yao, mmoja anaimba bila maneno. Bosi alikuwa amesukwa vizuri. Seremala alivaa koti la harusi yake. Mdogo wake Nesi alikuwa jikoni nyuma, amevaa gauni la bluu la dada yake ambalo Katibu mwenyewe alilishona zamani, na kwa kuwa yeye ni mwembamba kidogo, Katibu alilibana kiunoni usiku wa jana kwa mkono wake. Alipomfungia zipu pale jikoni vidole vyake vilikuwa baridi kiasi kwamba mdogo wake Nesi aliruka. "Tulia basi," alinong'ona. "Utaniua na mimi."

Ofisa alifika kwa miguu. Hakuja na gari jeupe wala askari, ni mtu wa makamo mwenye leso na begi la mgongoni, na alianza kwa kuwasalimia watoto mmoja mmoja. Katibu angependa awe mkali. Mbele ya mkali unajikaza. Huyu alipiga chafya, akaomba radhi, akakaa kwenye benchi na kuuliza kimoja baada ya kingine: katiba iko wapi, cheti mmekibandika ukutani, vizuri, hesabu zimekaguliwa na nani, mikutano mnafanya. Katibu alijibu. Ulimi wake ulikuwa mzito kama amekula ndizi mbichi. Ofisa aliandika, akageuza ukurasa.

"Mmejitahidi," alisema. "Wengi hawana hata nusu ya hivi. Mwenyekiti yupo?"

Seremala akakohoa, ndiyo ilikuwa ishara. Mdogo wake Nesi akatokea jikoni na gauni la bluu, miwani, mwendo ule wa kuyumba kidogo. Hata Katibu, aliyebana kile kiuno kwa mkono wake, kwa nukta moja aliamini.

Kisha Bosi akaona.

Ule mlio wa tumboni ulitoka kama vile haukuwahi kupotea. Mwili wote ulijinyoosha kwenye mikanda, mikono ikarushwa, kiti kikagongana na ukuta. Alikuwa anacheka na mate yanamtoka na macho yamejaa. Ofisa alitabasamu, akasahau mafua yake. "Huyu mwenyekiti wenu anapendwa," alisema, na kalamu ikateremka kwenye karatasi.

Mdogo wake Nesi alisimama katikati ya chumba hajui afanye nini. Akaona ni lazima aende. Alimwendea Bosi, akampapasa kichwani kama watu wanavyompapasa mtoto wa mtu. Bosi alinyamaza. Alimtazama, kwa karibu, pua kwa pua, kwa yale macho yake ya kukagua. Alimkagua usoni, akamkagua mkono. Na furaha ikamtoka usoni polepole, kidogo kidogo, mpaka ikaisha yote, akaanza kulia. Si kilio cha njaa wala cha maumivu, mama yake alivijua vyote. Hiki kilikuwa kigeni.

"Ana nini?" ofisa aliuliza.

Katibu alisimama. Alitaka kumwendea mwanawe, lakini miguu ilimpeleka kwa ofisa. "Naomba tuzungumze nje," alisema.

Nje, kando ya kamba ya nguo yenye mashuka ya watoto, alimwambia. Alisema mwenyekiti amekufa, ni miaka sasa, yule ni mdogo wake, sahihi zote ni zangu, hawa wengine hawana kosa, kifungeni chochote ila msikifunge kituo. Aliyasema kwa mkupuo mmoja. Mle ndani Bosi alikuwa bado analia.

Ofisa hakufoka. Alikunja leso yake, akaitia mfukoni, akaitoa tena. "Mama," alisema, "mlipofiwa mngekuja. Hata baada ya mwaka. Mngelipa faini ya kuchelewa, ndogo tu, na barua ya maelezo. Kiongozi kufariki ni jambo la kawaida, kila wiki wanakuja watu wa namna hiyo. Hatufungi shirika kwa sababu mtu amekufa."

"Nilikuja," alisema Katibu. "Nilifika mpaka kwenye foleni."

"Sasa?"

Anaelezaje kwamba alimsikia mtu mwingine akifokewa?

"Kuchelewa kungesameheka," ofisa aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. "Sahihi za marehemu ni kitu kingine. Hizo siwezi kujifanya sijazisikia." Akatazama mlango wa karakana. "Yule mama wa gauni la bluu hajaniambia jina lake wala hajanionyesha kitambulisho. Arudi nyumbani kwake."

Mdogo wake Nesi aliondoka kwa mlango wa nyuma, gauni amelifunika kwa khanga, na ameacha kuja kituoni mpaka leo.

Kituo hakikufungwa. Waliagizwa kufanya mkutano maalumu ndani ya mwezi, kuchagua viongozi wote upya, na kulipa ile faini, ambayo kweli ilikuwa haifiki bei ya mtungi wa gesi. Seremala na Katibu walizuiwa kushika uongozi wa shirika lolote. Suala la sahihi likapelekwa ofisi nyingine. "Watakuita," aliambiwa, hakuambiwa lini. Kwa hiyo namba ngeni zinaendelea kumkata maini, na gari likipunguza mwendo anaendelea kuinua kichwa. Niwaambie amepona? Hajapona.

Mkutano maalumu ulijaa. Akidi ilivuka. Walimchagua fundi bomba mmoja, baba wa mapacha, awe mwenyekiti, na mama mwingine akapewa kalamu. Katibu, ambaye sasa hakuwa katibu wa kitu chochote ila watu wamezoea, alikaa pembeni kwenye mkeka, kando ya kiti cha mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza kuhudhuria mkutano wa shirika lile bila kuandika. Hakujua mikono aiweke wapi. Kituo kimebaki, alijiambia, sponji nyekundu iko palepale, kesho atamleta Bosi na jioni atamchukua. Kwa mara ya kwanza siku nyingi kifua chake kilishuka.

Fundi bomba alisimama, akakohoa kwa haya. "Mwenyekiti amefungua mkutano," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyosikia ikisemwa siku zote, na watu wakacheka.

Bosi aligeuza shingo. Aliigeuza kwa ile kazi yake kubwa, kidogo kidogo, mishipa imesimama, mpaka macho yakafika mlangoni. Yakakaa hapo. Katibu akafuata macho yale akidhani kuna mtu ameingia. Hakukuwa na mtu.

"Anaangalia nini?" alimnong'oneza Seremala aliyekuwa nyuma yake.

"Si ndiyo kawaida yake," Seremala alisema. "Kila mkutano. Tukisema hivyo tu, anageukia mlango, anakaa hivyo mpaka tunafunga. Nilidhani unajua." Akasita. "Lakini wewe kichwa kilikuwa kwenye karatasi."

Katibu hakusikia kilichojadiliwa baada ya hapo. Alimwangalia mwanawe akiangalia mlango. Mwaka baada ya mwaka walikuwa wakimtangazia mtoto anayeelewa kila neno kwamba Nesi amefika, na yeye anageuka kumpokea. Halafu wakamletea mtu mwenye gauni la Nesi.

Woga aliousikia hapo haukuwa na ofisi. Wa msajili aliuzoea, ulikuwa na dirisha na mihuri. Huu ulianza alipokuwa anamfungua Bosi mikanda, ukamfuata njia nzima akisukuma kiti cha magurudumu, na walipofika nyumbani alitafuta kila kazi ya kufanya kwanza. Alikunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa. Mumewe, aliyekuwa anajiandaa kwenda lindoni, alimuuliza kama wamemwita. Akasema hapana, hawajaniita.

Kisha alipiga magoti mbele ya mwanawe, jua la alasiri limeingia mpaka kitandani, na akamwambia. Alisema Nesi hakusafiri. Nesi alikufa, mwanangu, tangu zamani, ulipokuwa mdogo. Hatarudi. Tulikudanganya, mimi ndiye niliyekudanganya, niliogopa. Alisema yote bila kutazama pembeni.

Bosi alimtazama. Hakulia. Alimkagua kama alivyomkagua yule mwanamke wa gauni la bluu, usoni, halafu mikononi, polepole, na mama yake akakaa bila kusogea akingoja.

Wakati wa chakula Katibu alichota kijiko, akakipuliza, akakipeleka mdomoni kwa mwanawe kama alivyofanya maisha yake yote. Bosi alifumba mdomo. Alijaribu tena, akambembeleza, akamwita majina yote ya utotoni. Mdomo haukufunguka. Baba yake, ameshavaa buti moja, alikuja akachukua kile kijiko mkononi mwa mkewe, na Bosi akala.